Kofia ya Sufu Kwenye Pwani ya Joto

Msimbati iko kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, kwenye rasi inayoikinga Ghuba ya Mnazi, si mbali na mahali ambapo mto Ruvuma unaingia baharini na ng'ambo yake ni Msumbiji. Wengi wanaijua kwa sababu ya gesi, iliyogunduliwa hapo mwaka 1982 na ambayo tangu mwaka 2015 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Wengine wanaijua kwa hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000. Wenyeji wanaijua kwa mchanga, minazi, mikeka na bamvua, wakati maji yanapokupwa hadi mbali na wanawake wanaingia miambani kutafuta pweza. Hakuna anayeijua kwa baridi.

Kwa hiyo picha ifuatayo inachekesha kidogo. Fikiria kikundi cha Dorkasi cha kanisa changa mahali kama hapo: wanawake sita au saba wamekaa kwenye mkeka chini ya mwembe Jumapili alasiri, kila mmoja ana sindano mbili na bonge la uzi wa sufu, jasho linawatiririka shingoni, nao wanafuma kofia. Mzee wa jirani anapita akitoka kuswali. Anawasalimia kwa adabu, anasimama, anatazama, kisha anashindwa kujizuia: “Sasa kofia za sufu, wanangu? Nani atazivaa huku?”

Swali la mzee ni zuri kuliko anavyodhani, na linastahili kujibiwa bila haraka.

Atakayezivaa ni mtoto aliyezaliwa jana usiku, na hasa mtoto njiti, aliyekuja kabla ya siku zake. Tumboni mwa mama joto ni kama nyuzi 37. Mtoto anatoka akiwa amelowa, na unyevu unaokauka juu ya ngozi unaondoka na joto lake, kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, na joto jingi linapotelea hapo. Mtu mzima akiona baridi hutetemeka. Mtoto mchanga karibu hawezi. Anategemea akiba ya mafuta maalumu iliyo shingoni na mgongoni, na njiti amezaliwa kabla akiba hiyo haijajaa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mtoto mchanga akishuka chini ya nyuzi 36.5 amekwisha kupoa kupita kiasi. Linashauri chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi 25, mtoto akaushwe mara moja, alazwe kifuani pa mama, avishwe kofia, na kuogeshwa kusubiri hadi siku ya pili. Ushauri huo haukuandikwa kwa ajili ya nchi za theluji peke yake. Watoto waliopoa hivyo wanapatikana pia katika wodi za nchi za joto, ambako muuguzi anajipepea kwa daftari.

Ndiyo maana kofia ya sufu ina kazi Msimbati. Lakini hapo hapo linazuka jambo gumu zaidi. Mwanamke anayeifuma hana kitu chochote mwilini mwake kinachomwambia kwamba inahitajika. Ngozi yake inamshuhudia kinyume. Angeufuata mwili wake, angefuma kipepeo.

Kristo aliagiza kwamba mtu awatendee wengine yale ambayo angependa kutendewa yeye (Mathayo 7:12), na juu ya agizo hilo, alisema, imesimama torati na manabii. Wengi huliita Kanuni ya Dhahabu, na wengi hudhani ni rahisi kuielewa ingawa ni ngumu kuitenda. Mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw aliifanyia mzaha mwaka 1903: alionya kwamba huenda yule mwingine hapendi unachopenda wewe. Ni mzaha wa mtu aliyependa kuchokoza dini, lakini si wa kijinga. Kama kipimo cha wema ni kile ambacho ningekitaka mimi, basi mwanamke mwenye joto atampa mtoto mwenye baridi upepo, na atafanya hivyo kwa upendo wa kweli.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga. Methali hiyo kwa kawaida husemwa kwa lawama, kana kwamba mwenye shibe ana moyo mgumu. Isomwe tena polepole. Haisemi kwamba mwenye shibe hampendi mwenye njaa. Inasema hamjui. Na mtu anaweza kukosa kumjua jirani yake huku anampenda sana, anamwombea kila asubuhi, na kumfumia kitu.

Biblia ina kisa cha zawadi ya namna hiyo, ingawa mara nyingi husomwa haraka ili kufikia jiwe na kombeo. Mfalme Sauli alipomwona kijana Daudi yuko tayari kumkabili Goliathi, alimvika silaha zake mwenyewe: chapeo ya shaba, deraya, upanga (1 Samweli 17:38, 39). Hakuna sababu ya kudhani kwamba Sauli alifanya hila. Alitoa kitu bora alichokuwa nacho, tena kitu ambacho yeye mwenyewe angekitaka kama angekuwa anashuka bondeni. Alitenda kanuni ya dhahabu kama Shaw alivyoielewa. Daudi alijaribu kutembea, akashindwa, akavua. Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote wa Israeli kuanzia mabegani kwenda juu, na zawadi yake ilikuwa na kipimo cha mabega yake.

Lakini je, hicho ndicho Kristo alichoagiza? Mtu ajiulize kwa uaminifu: nikiwa na shida, ninataka kutendewa nini? Si kupewa kile ambacho tajiri anakipenda. Kila mtu, akiwa na shida, anataka kwanza aonekane yeye na shida yake mwenyewe. Mgonjwa anataka daktari amsikilize ndipo aandike dawa. Basi anayetaka kutendewa hivyo ana wajibu wa kutenda hivyo, na kanuni ya Bwana inasimama imara kuliko mwanzo, ila inadai kazi zaidi. Haitoshi kutazama ndani ya moyo na kuuliza ningependa nini. Inabidi kuondoka mwembeni.

Sheria ya Musa ilikwisha kulifahamu hilo. Aliyepokea vazi la maskini kuwa rehani aliamriwa alirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa ndilo tu alilo nalo la kujifunika, na sheria yenyewe inauliza huyo mtu atalala ndani ya nini (Kutoka 22:26, 27). Mkopeshaji mwenye mablanketi matatu asingewaza saa ya kutua kwa jua. Kwake rehani ni rehani, mchana na usiku. Mungu anamlazimisha kufikiri kwa ngozi ya mwingine, na saa kwa saa: mchana vazi linaweza kukaa kwako, usiku haliwezi. Yakobo naye anamkemea yule anayemtakia mtu asiye na nguo joto na shibe kisha anampita (Yakobo 2:15, 16), na kosa hilo ni jepesi kuliona. Lisiloonekana upesi ni kosa la anayempa nguo isiyomwenea, akaenda zake akiwa na amani.

Pengine mshonaji mwangalifu kuliko wote katika Agano la Kale ni Hana. Mwaka kwa mwaka alimpelekea Samweli kanzu ndogo alipopanda na mumewe kutoa dhabihu (1 Samweli 2:19). Neno “ndogo” limejaa habari. Mtoto anakua, naye hayuko nyumbani kwa miezi mingi. Kila mwaka kanzu ya jana haimfai. Hana alipaswa kumtazama vizuri kule Shilo kila walipokutana, akumbuke mabega yalifika wapi, kisha akate kitambaa akiwa mbali huku akikadiria kimo ambacho mtoto atakuwa amefikia. Mama anayeshona hivyo hawezi kumsahau mtoto hata wiki moja, kwa maana akimsahau kanzu itambana.

Kofia ya njiti ina masharti kama hayo. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati kina mzunguko wa kama sentimita 35. Cha mwenye kilo moja na nusu hakizidi sana chungwa kubwa. Kofia nzuri, ya rangi ya kupendeza, iliyofumwa kwa kukadiria tu, itateleza hadi puani. Iliyotiwa utepe wa kufungia shingoni ni ya hatari, na kifungo kinaweza kung'oka. Uzi unaowasha ngozi ya mtu mzima utamuumiza zaidi mtoto ambaye ngozi yake ni laini kama utando wa yai. Uzi usiovumilia maji ya moto hautakaa wodini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalojulikana chini ya mwembe. Yote yako kwa muuguzi wa zamu na kwa mama aliyelazwa.

Kipimo hicho kinakata pande zote mbili. Kila anayeishi Mtwara amewahi kumwona mtoto wa miezi sita, mnene, mwenye afya, amevishwa sweta, soksi, kofia na kufunikwa blanketi mwezi Desemba saa saba mchana, uso umeiva kwa joto, na bibi yake anasema “asipate baridi.” Bibi huyo amejifunza somo la kofia na amelishika mno. Mtoto wa jana usiku na mtoto wa miezi sita si mtoto mmoja, na upendo uliojifunza jambo moja mwaka juzi haujamaliza shule.

Upendo wa kutoka mbali hupotea njia hata kwa watu wenye nia safi kabisa. Nchini Australia, kwenye kisiwa cha Phillip, watunza wanyama waliwahi kuomba vijisweta vidogo vya kuwavisha pengwini, ndege wa baharini, waliochafuliwa na mafuta ya meli, ili wasijisafishe kwa mdomo na kuyameza kabla hawajaogeshwa. Habari ikaenea, na hasa baada ya meli Rena kukwama New Zealand mwaka 2011, wafumaji wa nchi nyingi wakashika sindano. Vikaja vijisweta vingi kuliko pengwini waliohitaji, vingi mno, hata vya ziada vikawa vinavalishwa wanasesere wa pengwini na kuuzwa ili kuchangia kazi ya kituo. Hakuna aliyetenda dhambi. Lakini ni vema kuuliza kilichowafanya watu waendelee kufuma baada ya kuambiwa inatosha. Kufuma kunatuliza. Mikono inapata kazi, upweke unapungua, na jioni kuna kitu kimekamilika cha kushika. Haja hizo ni za kweli, na Mungu anazijua. Ni haja za mfumaji.

Hapo ndipo kikundi cha hisani kinapopimwa, na mara nyingi hakijui kwamba kinapimwa. Siku muuguzi anaposema, “Asanteni, mama zangu, kofia sasa tunazo za kutosha hadi mwakani,” nini kinatokea moyoni? Kama ni furaha, kazi ilikuwa ya mtoto. Kama ni uchungu kidogo, kama mtu ananung'unika njiani kwamba hawa hawana shukrani, basi huenda kofia ilikuwa imeanza kumvalisha mwingine. Bwana alionya juu ya kutenda wema ili kutazamwa na watu (Mathayo 6:1–4), na picha za kukabidhi misaada, zenye bango, tabasamu na mama aliyelala nyuma kabisa kitandani, zingempa mfano mwingine badala ya tarumbeta. Ila si haki kuwahukumu kina mama wa mwembeni kwa ukali. Mjane asiye na fedha ya kutoa ana mikono, na mikono hiyo ni sadaka kamili kama zile senti mbili. Wanawake wa jangwani walisokota uzi kwa ajili ya hema ya kukutania (Kutoka 35:25, 26), wala hakuna aliyewaambia kwamba nyuzi za kununua Misri zingekuwa rahisi zaidi. Kufurahia kazi njema si kosa. Swali ni nani anayeamua lini imetosha.

Mtu atasema: basi dawa ni rahisi, aulizwe mhitaji. Aliyejaribu anajua. Mwanamke wa kusini aliyefunzwa adabu, akiulizwa na wageni waliokuja na mfuko, “Mwenzetu, unahitaji nini?” atajibu, “Chochote tu, mama zangu, nashukuru.” Akipewa kofia atashukuru. Akipewa kofia ya pili atashukuru vilevile. Akipewa kitu asichoweza kukitumia, atakipokea kwa mikono miwili. Kumkatalia mgeni zawadi ni aibu, na kumtajia mgeni shida ya ndani ya nyumba ni aibu kubwa zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kitanda hatakuhesabia kunguni siku ya kwanza.

Ellen White, katika kitabu cha Huduma ya Uponyaji kilichotoka mwaka 1905, anaeleza njia ya Kristo kwa mpangilio ambao kila darasa la Shule ya Sabato limewahi kuusikia: Mwokozi alichangamana na watu kama mtu anayewatakia mema, akawahurumia, akahudumia mahitaji yao, wakamwamini, ndipo akawaita wamfuate. Mara nyingi mkazo huwekwa kwenye mwito wa mwisho, kwamba usije kabla ya wakati wake. Lakini hata kuhudumia mahitaji si hatua ya kwanza. Kuchangamana kunatangulia, na pengine sababu mojawapo ni hii: kabla ya kuchangamana, mahitaji hayajulikani. Mtu anahudumia yale aliyoyabuni.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Uliwahusu watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja lilitunzwa kwa desturi iliyokuwepo, yaani kwanza mashine ya joto hadi hali itulie. Kundi la pili walianza mara moja huduma ya kangaruu, mtoto kulazwa ngozi kwa ngozi kifuani pa mama, wodi moja na mama yake. Katika kundi la kwanza walifariki karibu watoto 16 kati ya kila 100 kabla ya kufikisha siku 28. Katika kundi la pili, 12. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Njia hiyo ilianzia Bogotá, nchini Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mahali ambapo mashine hazikutosha, na sasa imeonekana kuwashinda wenye mashine.

Mtoto aliye kifuani huvaa nepi na kofia tu. Kofia, kwa hiyo, bado ina nafasi yake. Lakini kuna takwimu moja katika utafiti ule ambayo kikundi cha Dorkasi kinapaswa kuisoma mara mbili: katika kundi la pili, watoto walikaa kifuani kwa kawaida kama saa 17 kwa siku.

Saa 17. Mwanamke wa Msimbati aliyejifungua njiti, akiisha kuruhusiwa kutoka hospitali ya mjini, anarudi kwenye nyumba yenye ndoo tupu, kuni zilizokwisha, watoto wengine wawili au watatu, na bamvua inayokuja Jumanne, siku ambazo pweza anapatikana na asiyeingia majini hana cha kuuza. Ameambiwa mtoto aendelee kukaa kifuani. Atachota maji saa ngapi? Hatamshusha mtoto kwa kuwa hampendi. Atamshusha kwa kuwa ndoo ni tupu. Na kofia bora kuliko zote, yenye kipimo sahihi, ya uzi laini, isiyo na utepe, haichoti maji.

Hapa wanawake wa mwembeni wanafikia uamuzi ambao hakuna anayeweza kuwafanyia. Wamejifunza kufuma. Wamenunua uzi kwa shida. Kofia zinahesabika, zinaweza kutajwa katika taarifa ya robo. Ndoo ya maji iliyotekwa kwa jirani haiingii kwenye taarifa yoyote, na kesho inatakiwa tena. Kofia hutolewa mara moja, kwa heshima, na mtoaji anarudi kwake. Ndoo inamfanya mtoaji kuwa kama dada mdogo wa nyumba hiyo, wa kutumwa. Tena nyumba yenyewe huenda ni ya waumini wa msikitini, kama zilivyo nyumba nyingi za pwani hiyo, na wapo majirani watakaojiuliza Wasabato hawa wanatafuta nini jikoni kwa watu. Watapaswa kuchota maji kwa majuma kadhaa kabla swali hilo halijachoka.

Zaidi ya hayo, kuna wakati ambapo hata ndoo haitoshi, na mama anahitaji kulala saa tatu tu huku mtoto akiwa kwenye kifua kingine chenye joto. Baba anaweza, bibi anaweza, shangazi anaweza. Kama hakuna, na kama kwa miezi mingi kuna mwanamke wa mwembeni ambaye mama huyo amemzoea na kumwamini, msafi na asiye na kikohozi, huenda ataombwa yeye. Mwili ule ule uliomdanganya mfumaji kuhusu baridi, kwa kuwa una joto, sasa ndio unaohitajika.

Jumuiya ya Waadventista ina historia ndefu katika jambo hili. Oktoba 1874, huko Battle Creek, Michigan, wanawake wachache walianzisha chama walichokipa jina la Dorkasi, wakishona nguo na kusaidia familia zenye shida, wajane, yatima na wagonjwa wa mji wao. Walikuwa wanaishi mtaa mmoja na waliowahudumia. Baadaye kazi ikakua, yakaja maghala, meli za misaada na hatimaye shirika la ADRA, mambo mema ambayo wanawake wachache wasingeweza. Lakini jinsi mkono unavyorefuka ndivyo kidole kinavyokuwa mbali na ngozi, na kikundi kidogo cha kanisa mahalia, ambacho hakina ghala, bado kina faida moja ambayo ghala haina. Kinaweza kufika kwa miguu.

Na kina siku ya kufanya hivyo. Ijumaa jua likielekea kutua, siku ya maandalio, sindano zinawekwa kapuni hata kama kofia imebaki safu tatu. Kwa saa 24 mikono haifumi. Mwokozi alitumia sehemu kubwa ya Sabato zake akiwa karibu na miili ya watu: mkono uliopooza, mgongo uliopinda, mama mkwe mwenye homa. Mwanamke wa Dorkasi anayekwenda kumtazama mzazi Sabato alasiri anakwenda mikono mitupu, na asiye na kitu cha kukabidhi hana budi kukaa. Anakaa kwenye mkeka, anaulizwa habari, anauliza habari, mazungumzo yanaisha, wanakaa kimya. Kimya hicho ndicho kinachomwonyesha ndoo.

Sasa inafaa kurudi Yafa (Matendo 9:36–42). Yafa ulikuwa mji wa bandari, mji ambao Yona alipandia merikebu, na si ajabu kwamba palikuwa na wajane. Bahari haijawahi kuwa na huruma kwa wanaume wa pwani, kama kila kijiji kuanzia Msimbati hadi Lamu kinavyojua. Tabitha, aitwaye Dorkasi, aliugua akafa. Walipomleta Petro orofani, wajane wote walisimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo. Luka anaongeza kwamba alizishona alipokuwa bado anaishi kati yao. Angeweza kuandika kwamba aliwashonea, basi.

Dorkasi mwenyewe hakuonyesha kitu. Maonyesho pekee ya kazi yake yaliyoandikwa katika Maandiko yalifanyika akiwa amelala amekufa, na waliofanya maonyesho ni wale waliozivaa. Hakuna anayesema zilikuwa nguo ngapi. Bila shaka kila mjane alijua ipi ni yake, maana ilishonwa kwa mabega yake.

Tena walikuwa wanalia. Kama shida yao ingekuwa nguo, wasingekuwa na sababu. Nguo walikuwa nazo mikononi, na nyingine mwilini. Petro akawatoa wote nje, akapiga magoti, akaomba, akaugeukia mwili, akamwita kwa jina lake. Alipofumbua macho akampa mkono, akamwinua, kisha akawaita watakatifu, na wajane, akamweka mbele yao akiwa hai. Kuhusu zile kanzu Luka hasemi tena neno.